Bolti Isiyoshika Kutu

Kila fundi wa mitumbwi pale Mwigobero, mjini Musoma, ajua kwamba ubao huanza kuharibika pale palipopigwa msumari. Maji hupenya, chuma hushika kutu, tundu hupanuka, na siku moja mvuvi hujikuta akichota maji badala ya kuvuta nyavu. Katika magati na matangi ya zege mambo ni hayo hayo: nondo ikivimba kwa kutu hupasua saruji iliyoifunika.

Basi si ajabu kwamba wajenzi huvutiwa na habari za nondo na bolti za faiba, yaani nyuzi nyembamba za kioo zilizoshikamanishwa kwa gundi ya polima. Hizo hazishiki kutu kamwe. Uzito wake ni kama robo ya uzito wa chuma, na nondo yake ikivutwa kwa urefu yaweza kuishinda nondo ya kawaida. Wala kufunga chombo pasipo chuma si jambo geni kwetu: mitumbwi ya Waganda katika ziwa hili hili ilishonwa kwa nyuzi za mimea, na mitepe ya Lamu kwa kamba za makumbi.

Hata hivyo hatuna budi kusema wazi. Chuma kikizidiwa hupinda kwanza, kikamwonya mwenye nyumba. Faiba hukatika ghafula. Tena hunyumbuka mara nne hivi kuliko chuma, kwa hiyo boriti iliyopimiwa chuma haifai kubadilishiwa nondo kwa kuhesabu idadi tu. Fundi hawezi kuikunja kazini kama alivyozoea. Pembe hutengenezwa kiwandani. Meno ya bolti yake huchunika mtu akiikaza kwa nguvu aliyozoea kutumia kwa bolti ya chuma. Na moto je? Gundi ile hulegea kwa joto ambalo chuma hakilijali.

Maji ya ziwa letu, tusisahau, hayana chumvi ya bahari. Kwa nyumba ya kawaida iliyo mbali na ufuko, msumari uliopakwa zinki watosha. Lakini mwaka 2020, na tena 2024, Ziwa Victoria lilipanda mno likaingia katika makazi ya ufukoni. Gati, ngazi za mwaloni, tangi la maji: hapo twaona faiba yastahili kujaribiwa. Ayaletaye sokoni mabolti hayo na alete pia karatasi ya vipimo, mhandisi aisome kabla fundi hajashika spana.