Mzee Anunuliwe Simu Gani?

Swali la watoto waliohamia mjini, kwamba mzazi aliyebaki kijijini anunuliwe simu janja ya aina gani ili aondokewe na upweke, limeulizwa mno, na kila anayelijibu kwa kutaja jina la simu amekwisha kulikubali kosa lililomo ndani yake. Upweke kitaalamu si kukaa bila watu, hali inayoitwa utengano wa kijamii na inayoweza kupimwa kwa kuhesabu wageni, bali ni uchungu wa mtu anayeona kwamba uhusiano alio nao haufikii ule anaouhitaji. Ndiyo maana bibi mwenye wajukuu sita uani aweza kuwa mpweke, na mjane anayeishi peke yake asiwe.

Imani kwamba kifaa ndicho tiba ina ushahidi hafifu mno. Mwaka 2020 Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua ushahidi wa tiba, ulichapisha mapitio kuhusu simu za video na upweke wa wazee, ukapata majaribio 3 tu yaliyostahili, yote ya makao ya wazee nchini Taiwan, yenye washiriki 201 kwa jumla, na nafuu iliyoonekana ilikuwa ndogo sana au haikuwapo kabisa. Hayo ni mazungumzo ya kutazamana usoni, sembuse ile picha ya ua yenye salamu za asubuhi katika kundi la WhatsApp la ukoo, ambayo mzee huifungua kwa bando lake, akaisogeza mbali na macho apate kusoma, akagundua kuwa ni ileile aliyoirusha shemeji jana, na asiwepo hata mmoja wa kumuuliza goti limeendeleaje.

Yanayofaa yanajulikana: masikio yapimwe, kwa kuwa asiyesikia vizuri hukwepa maongezi, yawe ya barazani au ya simu, miwani ya kusomea ipatikane, apigiwe siku ileile kila wiki, tena aombwe shauri lenye uzito, kama mahari ya mjukuu au mpaka wa shamba, badala ya kuulizwa tu kama amekula, na nauli ya msikitini, kanisani au kwenye kikao cha kikundi cha akiba cha VICOBA itangulie fedha ya bando. Kwa hayo yote simu ya kitochi inatosha, na chaji yake hukaa siku kadhaa.