Njia za Miguu na za Baisikeli Katika Milima ya Derbyshire

Wasomaji wengi hupenda kujua namna watu wa Uingereza wanavyopumzika, na kama katika nchi ile iliyojaa miji na viwanda bado pako mahali pa kutembea penye hewa safi. Wenye mashamba nao huuliza swali lililo zito zaidi: ikiwa kila kipande cha ardhi kina mwenyewe, mgeni hupitaje juu yake pasipo ugomvi? Maswali haya mawili yamefungamana, nasi twapenda kuyajibu kwa kueleza habari za wilaya moja tu, iitwayo Peak District, ambayo sehemu yake kubwa imo katika jimbo la Derbyshire.

Wilaya hii ni nchi ya vilima na mabonde. Magharibi yake uko mji wa Manchester, uliokua kwa viwanda vya nguo za pamba, na mashariki yake uko Sheffield, mji wa wafua chuma. Upande wa kusini mawe yake ni ya chokaa, meupe. Mito imekata mabonde membamba, na malisho yamegawanywa kwa kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji wala udongo. Upande wa kaskazini ni nyika ya juu, yenye baridi na upepo mkali, na udongo wake ni mweusi, nao ni mimea iliyolowa maji na kurundikana kwa maelfu ya miaka. Kilele kipitacho vyote ni Kinder Scout, chenye urefu wa mita 636. Mtu aliyezoea kuutazama Kilimanjaro huenda akacheka kusikia hicho kikiitwa mlima, walakini ukungu hushuka pale kwa ghafula, na msafiri asiye na ramani hupotea upesi.

Tarehe 17 Aprili 1951 wilaya hii ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa, ya kwanza katika Uingereza, yenye eneo la maili za mraba 555. Yafaa neno hilo lielezwe vizuri. Mwaka ule ule wa 1951 Serengeti nayo ilifanywa hifadhi ya taifa, na mwaka 1959 Wamasai waliokuwa wakiishi ndani yake walihamishwa, wakapewa nafasi upande wa Ngorongoro. Katika Peak District haikuwa hivyo. Vijiji vilibaki mahali pake, na hata leo watu zaidi ya 35,000 wanaishi humo, wakilima, wakifuga kondoo na ng'ombe, na kufanya biashara. Ardhi iliyo nyingi ni mali ya wakulima, makampuni ya maji, vyama na mabwana wenye mashamba makubwa. Halmashauri ya hifadhi husimamia ujenzi, hutunza njia na kuhifadhi sura ya nchi, lakini haikuwanyang'anya watu ardhi yao.

Basi mgeni hupita kwa haki gani? Haki hiyo haikupatikana kwa urahisi. Zamani nyika za juu zilifungwa na wenyewe kwa ajili ya kuwinda ndege wafananao na kwale, na walinzi waliwekwa ili wawafukuze wapitao. Wafanyakazi wa viwandani, ambao siku yao ya kupumzika ilikuwa Jumapili tu, waliiona milima kutoka mjini lakini hawakuruhusiwa kuikanyaga. Tarehe 24 Aprili 1932 mamia ya vijana walikusanyika karibu na kijiji cha Hayfield, wakapanda Kinder Scout kwa makusudi, mmoja wa viongozi wao akiwa Benny Rothman wa Manchester, kijana wa miaka 20. Walipambana na walinzi wa shamba, na watu sita wakakamatwa. Katika sheria ya siku zile, kupita tu katika shamba la mtu hakukuwa kosa la jinai. Kwa hiyo mashtaka yao yalikuwa ya fujo na kujeruhi. Watano kati yao walifungwa jela, wengine miezi miwili, wengine zaidi, hata kufika sita.

Watu wengi walioona kitendo kile kuwa utovu wa adabu waliona pia kuwa adhabu imezidi, na madai ya kufungua milima yakapata nguvu. Baada ya vita kuu ya pili Bunge lilipitisha sheria ya mwaka 1949, iliyoanzisha hifadhi za taifa na kuziamuru halmashauri za majimbo kuandika katika ramani njia zote za umma. Mwaka 2000 ikaja sheria nyingine, iliyowapa watu ruhusa ya kutembea kwa miguu katika milima na nyika zilizotiwa katika ramani maalum. Mwaka 2002, ilipotimu miaka 70 tangu siku ile ya Kinder Scout, Mtawala wa Devonshire, ambaye mlima ule ulikuwa mali ya jamaa yake mwaka 1932, alisimama mbele ya watu akaomba radhi kwa yale yaliyotendwa.

Ni vema wasomaji waelewe mpaka wa haki hizo, maana ndipo penye mafunzo. Kwanza, sheria ya mwaka 2000 haikufungua kila shamba. Nchi iliyofunguliwa ni kama sehemu nane tu katika mia za Uingereza yenyewe. Pili, njia ya umma ikatizayo shamba la mtu ni njia tu. Mpitaji ana haki ya kwenda na kurudi juu yake, hana haki ya kukata kuni wala kujenga kibanda. Tatu, mwenye shamba naye hawezi kuziba njia hiyo kwa miiba au kuilima ipotee, hata kama ameinunua ardhi kwa fedha yake. Nne, njia iliyotumiwa na watu wote kwa miaka 20 mfululizo, hadharani, bila kutumia nguvu na bila kuomba ruhusa, huhesabiwa kuwa imetolewa kwa umma, isipokuwa mwenye ardhi aonyeshe kwamba hakukusudia hivyo. Kwa ajili hiyo ushuhuda wa wazee wanaokumbuka nani alipita wapi, na tangu lini, una thamani kubwa katika mashauri haya.

Waendeshao baisikeli wana kanuni yao. Njia ya miguu si yao. Lakini tangu sheria ya mwaka 1968 wanaruhusiwa kupita katika njia za farasi, kwa sharti kwamba wawapishe wenda kwa miguu na wapandao farasi. Sharti hili ni la haki, kwa kuwa mwenye mwendo wa kasi ndiye awezaye kumdhuru mwenziwe.

Walakini njia zipendwazo zaidi na watu wa baisikeli katika wilaya hii zilikuwa za gari la moshi. Sababu yake ni rahisi. Gari la moshi haliwezi kupanda mlima mkali. Kwa hiyo wajenzi wa reli walichimba vilima, wakajaza mabonde kwa udongo, wakajenga madaraja, hata njia ikawa karibu sawasawa. Reli ikiondolewa, hubaki njia pana yenye mteremko mdogo, ambayo mtoto au mzee aweza kuipita bila kuhema. Reli nyingi zilipofungwa katika miaka ya 1960 kwa kukosa faida, ardhi yake ingeweza kuuzwa vipande vipande na kupotea. Katika Peak District baadhi yake zilihifadhiwa, zikafanywa njia za watu. Tutataja tatu.

Tissington Trail ina urefu wa maili 13, kutoka mji mdogo wa Ashbourne mpaka Parsley Hay. Ilikuwa reli iliyofunguliwa mwaka 1899, na mwaka 1971 ikafunguliwa kwa wenda kwa miguu, baisikeli na farasi. Pande zote mbili ni malisho ya ng'ombe na kuta za mawe.

High Peak Trail inakutana na hiyo ya kwanza hapo Parsley Hay, nayo ni maili 17 hivi. Reli yake ni ya zamani sana, kwani ilifunguliwa mwaka 1830 na 1831 ili kuunganisha mifereji miwili ya mashua iliyotengwa na milima. Penye miteremko mikali mabehewa yalivutwa kwa minyororo, na baadaye kwa kamba za chuma, na injini ya mvuke iliyosimama juu ya kilima. Injini moja ya mwaka 1829 ingali inahifadhiwa mahali paitwapo Middleton Top. Mwendeshaji baisikeli afikapo kwenye miteremko hiyo inampasa apunguze mwendo, au ashuke na kuikokota.

Monsal Trail ni maili nane na nusu karibu na mji wa Bakewell, ikifuata bonde la mto Wye. Reli ilipopitishwa hapo mwaka 1863, mwandishi mashuhuri John Ruskin aliilaumu vikali kwa kuharibu bonde zuri. Leo daraja lile lile la mawe huwavuta wageni wengi, na sheria inalilinda lisibomolewe. Njia hii ina mahandaki yaliyotobolewa ndani ya vilima, manne kati yake yakiwa na urefu wa mita 400 hivi kila moja. Yalifungwa zaidi ya miaka 40 kwa kuhofia hatari. Mwaka 2011 yalitengenezwa, yakatiwa taa, yakafunguliwa. Katika baadhi ya stesheni za zamani mtu aweza kukodi baisikeli, au kuketi akanywa chai mahali ambapo abiria walikuwa wakingoja gari.

Hatusemi kwamba mambo yote ni mema. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo wasemavyo wazee wetu. Lakini wageni wakizidi, mwenyeji aweza kuchoka. Siku za jua motokaa huziba njia nyembamba za vijiji hata mkulima asiweze kupitisha trekta lake. Mbwa asiyefungwa hufukuza kondoo wenye mimba, wakaharibu mimba zao. Mwezi wa Juni 2018 moto mkubwa uliwaka katika nyika ya Saddleworth, mpakani mwa wilaya hii; udongo mweusi wenyewe uliungua chini kwa chini kwa siku nyingi, na askari wa jeshi wakaitwa kusaidia wazima moto. Ndiyo maana wageni hufundishwa kanuni chache: acha kila lango kama ulivyolikuta, liwe wazi au limefungwa, mfunge mbwa wako karibu na mifugo, usiwashe moto, taka zako rudi nazo kwako.

Kanuni hizi na zile sheria hutegemeana. Lango likiachwa wazi na kondoo wakapotea, mwenye shamba hupata sababu ya kuichukia njia. Njia ikizibwa pasipo haki, watu wa mjini hupata sababu ya kumchukia mwenye shamba. Ugomvi ukitokea, hauamuliwi kwa nguvu za anayepiga kelele zaidi. Ramani ya njia imewekwa katika ofisi ya halmashauri ya jimbo, na mtu yeyote, mkulima au mgeni, aweza kwenda kuitazama bila malipo.