Samsung Galaxy Note 7

Samsung Galaxy Note 7 ilikuwa simu janja ya daraja la juu iliyotengenezwa na kampuni ya Samsung Electronics ya Korea Kusini. Ilitangazwa tarehe 2 Agosti 2016 mjini New York, Marekani, ikaanza kuuzwa tarehe 19 Agosti mwaka huohuo. Utengenezaji wake ulikomeshwa tarehe 11 Oktoba 2016, kabla hata ya kutimiza miezi miwili sokoni, kwa sababu baadhi ya betri zake zilikuwa zikishika moto. Inakumbukwa kwa mambo mawili yasiyopatana: walioijaribu katika wiki zake za kwanza waliihesabu miongoni mwa simu bora za mwaka ule, na baada ya muda mfupi simu hiyohiyo ilipigwa marufuku kuingizwa ndani ya ndege.

Jina na nafasi yake

Samsung ilianza mfululizo wa Galaxy Note mwaka 2011. Alama ya mfululizo huo ni kioo kikubwa pamoja na kalamu inayochomekwa ndani ya simu yenyewe. Simu iliyotangulia, ya mwaka 2015, iliitwa Note 5. Hakuna simu iliyowahi kuitwa Note 6: kampuni iliiruka namba hiyo ili Note ilingane kwa jina na Galaxy S7, iliyokuwa sokoni tangu Machi 2016. Bei ya Note 7 nchini Marekani ilikuwa takriban dola 850, na ilitoka wiki chache kabla ya iPhone 7 ya kampuni ya Apple.

Umbo na kioo

Note 7 ilikuwa na kioo cha inchi 5.7 cha aina ya AMOLED, chenye nukta 2560 kwa 1440, kilichopinda kidogo pande za kushoto na kulia. Mgongo wake nao ulikuwa wa kioo uliopinda kwa kiasi kilekile, hivyo simu ilikaa vizuri mkononi licha ya ukubwa wake. Uzito ulikuwa gramu 169 na unene milimita 7.9. Kasoro ya mgongo wa kioo ni ileile ya simu zote za namna hiyo: unateleza, na alama za vidole huonekana mara tu mtu anapoishika.

Kioo chenyewe kilisifiwa karibu na kila aliyekipima. Rangi zilikuwa sahihi, weusi ulikuwa weusi kweli (kwa kuwa katika AMOLED nukta nyeusi huzimwa kabisa), na mwangaza uliongezeka wenyewe juani kiasi cha kusomeka mchana wa jua kali. Upande wa kupinda ulikuwa na hasara moja katika matumizi ya kawaida: kiganja kilipogusa ukingo, wakati mwingine simu ilidhani imeguswa kwa makusudi.

Simu ilikuwa na kinga ya maji na vumbi ya kiwango cha IP68, yaani iliweza kuzama mita 1.5 za maji yasiyo ya chumvi kwa dakika 30. Ilikuwa Note ya kwanza kuwa na kinga hiyo, na pia simu ya kwanza ya Samsung ya daraja hilo kutumia tundu la kuchaji la USB-C, ambalo waya wake huingia upande wowote.

Kalamu

Kalamu ndiyo sababu ya watu wengi kununua Note, na katika Note 7 ilibadilishwa sana. Ncha yake ilipunguzwa hadi kipenyo cha milimita 0.7, karibu na ncha ya kalamu ya kawaida ya wino, na ilitambua viwango 4096 vya mkandamizo. Mwandiko ulitokea mwembamba au mnene kadiri mkono ulivyokandamiza. Kalamu iliweza kuandika hata kioo kikiwa kimelowa, jambo ambalo kidole hakiwezi kufanya vizuri.

Mtumiaji aliyechomoa kalamu wakati simu imezimwa kioo aliweza kuandika papo hapo, kwa maandishi meupe juu ya weusi, bila kufungua chochote. Kwa mtu anayetaka kuandika namba ya simu anayotajiwa barabarani, hilo lilikuwa na faida kuliko mengi yaliyotangazwa kwa mbwembwe. Aidha, kalamu iliposogezwa juu ya neno bila kuligusa, simu ilionyesha tafsiri yake. Kosa la Note 5, ambayo kalamu yake ikichomekwa kinyume iliweza kunasa ndani na kuharibu kitambuzi chake, lilirekebishwa: ya Note 7 haikuingia kinyume.

Kufungua simu kwa jicho

Pamoja na kisoma alama za vidole, Note 7 ilikuwa na kamera ndogo ya pili mbele, iliyomulika jicho kwa mwanga wa infraredi usioonekana na kusoma michirizi ya duara la rangi linalozunguka mboni. Michirizi hiyo hutofautiana kwa kila mtu, hata kati ya jicho la kulia na la kushoto la mtu mmoja.

Kiufundi lilikuwa jambo la kuvutia. Katika maisha ya kila siku lilisumbua. Simu ilipaswa kushikwa mbele ya uso umbali wa sentimita 25 hadi 35, miwani na lenzi za macho zilivuruga usomaji, na jua kali pia. Wengi walirudi kwenye kidole, ambacho kilikuwa cha haraka zaidi. Mwezi Mei 2017 kikundi cha Chaos Computer Club cha Ujerumani kilionyesha kwamba kisoma jicho cha Galaxy S8, simu iliyofuata ya Samsung, kingeweza kudanganywa kwa picha ya jicho iliyochapishwa na kufunikwa kwa lenzi ya macho.

Kamera na utendaji

Kamera ya nyuma ilikuwa ileile ya Galaxy S7, ya megapikseli 12, yenye lenzi inayoingiza mwanga mwingi. Kila nukta ya kihisi chake ilishiriki kutafuta fokasi, kwa hiyo picha za mtoto anayekimbia au za chumba chenye taa hafifu zilitoka kali bila kusubiri.

Simu ilikuja na gigabaiti 4 za RAM, gigabaiti 64 za hifadhi na nafasi ya kadi ya kumbukumbu, ambayo Note 5 haikuwa nayo. Chipu ilitegemea nchi: Snapdragon 820 katika baadhi ya masoko, Marekani ikiwemo, na Exynos 8890 kwingineko. Mfumo wake ulikuwa Android 6.0.1 uliofunikwa na programu za Samsung. Hapa ndipo simu ilipokosolewa zaidi. Kwa bei yake na chipu zake ilitazamiwa isisite kamwe, lakini ilisita kidogo mara kwa mara, hasa wakati wa kuhama kutoka programu moja hadi nyingine. Katika majaribio ya kufungua programu moja baada ya nyingine, iPhone 6s ya mwaka uliotangulia, yenye RAM nusu ya hiyo, iliishinda.

Betri haikuweza kutolewa na mtumiaji. Ujazo wake ulikuwa mAh 3500, dhidi ya mAh 3000 za Note 5, na wakaguzi wa mwanzo waliisifu kwa kudumu siku nzima na kuchajiwa haraka. Sifa hizo zilikuwa za kweli.

Moto

Siku chache baada ya mauzo kuanza, watumiaji nchini Korea Kusini na Marekani walianza kutoa picha za simu zilizoungua, nyingine zikiwa kwenye chaja na nyingine zikiwa zimewekwa tu. Tarehe 2 Septemba 2016 Samsung ilitangaza kusimamisha mauzo na kubadilisha simu zote, takriban milioni 2.5. Wakati huo ilikuwa imepokea taarifa 35 duniani kote, ambazo kwa hesabu ya kampuni zilikuwa sawa na simu 24 katika kila milioni.

Tarehe 15 Septemba tume ya Marekani inayosimamia usalama wa bidhaa za watumiaji ilitangaza rasmi kurudishwa kwa simu zipatazo milioni 1. Nchini humo pekee kulikuwa na taarifa 92 za betri kupata joto kupita kiasi, zikiwemo 26 za watu kuungua na 55 za mali kuharibika, kama vile magari na gereji.

Simu mpya zilizotolewa kwa kubadilisha zilikuwa na betri ya mtengenezaji mwingine, na alama ya betri kwenye kioo chake ilikuwa ya kijani ili ijulikane kuwa ni salama. Tarehe 5 Oktoba moja ya simu hizo zilizobadilishwa ilianza kutoa moshi ndani ya ndege ya shirika la Southwest mjini Louisville, Marekani. Ndege ilikuwa bado chini, na abiria wote walitolewa. Taarifa nyingine za namna hiyo zilifuata ndani ya siku chache. Tarehe 10 Oktoba Samsung iliagiza mauzo na ubadilishaji visimame, na siku iliyofuata ikaifuta simu kabisa. Idara ya Usafiri ya Marekani ilikataza Note 7 katika ndege zote kuanzia tarehe 15 Oktoba, iwe mfukoni, kwenye begi au kama mzigo. Wamiliki walitumiwa maboksi yanayostahimili moto pamoja na glavu za kuvaa wakati wa kufungasha simu zao.

Baadhi ya watu walikataa kuirudisha, kwa kuwa yao haikuwa na tatizo na hawakuona nyingine ya kuilinganisha nayo. Samsung ilitumia masasisho ya programu kuwalazimisha: kwanza kuzuia betri isijae zaidi ya asilimia 60, na baadaye, katika nchi kadhaa, kuzuia simu isichaji kabisa.

Sababu

Betri ya lithiamu-ioni ina tabaka mbili za elektrodi, hasi na chanya, zenye utando mwembamba sana katikati, zote zikiwa zimeviringishwa pamoja kama mkeka na kulowekwa katika majimaji yanayowaka kwa urahisi. Utando ukitoboka, elektrodi hugusana na shoti hutokea. Joto la shoti huchochea kemikali zilizo jirani kutoa joto zaidi, na mnyororo huo ukishaanza huwezi kuuzima kwa kuchomoa chaja.

Samsung ilitoa matokeo ya uchunguzi wake tarehe 23 Januari 2017 mjini Seoul. Wahandisi wapatao 700 walijaribu simu 200,000 na betri 30,000. Walichaji kwa waya na bila waya, wakiwa na mfuniko wa nyuma na bila mfuniko, mpaka wakaridhika kwamba kosa halikuwa kwenye simu bali kwenye betri. Tena makosa yalikuwa mawili tofauti. Katika betri za awali, mfuko wa nje haukuacha nafasi ya kutosha kwenye kona ya juu kulia, hivyo elektrodi hasi ilipinda pale. Katika betri za kubadilishia, uchomeleaji uliacha vichomozi vikali vya metali kwenye kipande cha elektrodi chanya, ambavyo viliweza kutoboa utando. Baadhi ya betri hizo hata hazikuwa na utepe wa kuhami uliopaswa kuwepo.

Maelezo ya mwanzo ya watu wengi, kwamba betri ilikuwa kubwa mno, hayatoshi peke yake. Galaxy S7 edge, iliyotoka miezi mitano kabla ikiwa na umbo jembamba zaidi, ilibeba mAh 3600 bila janga kama hilo.

Mipaka ya tathmini

Note 7 hutajwa pale inapojadiliwa thamani ya maoni yanayotolewa juu ya simu mpya. Mkaguzi wa kawaida hupewa simu moja, akaitumia wiki moja au mbili, kisha akaandika. Hilo linatosha kujua kama kioo kinasomeka juani au kama kamera ni ya haraka. Kwa kosa linalogusa simu 24 katika milioni, yaani moja kati ya 42,000 hivi, halitoshi hata kidogo: wakaguzi elfu moja wangeweza kuitumia na wote wakaandika ukweli mtupu kwamba simu yao haina tatizo. Kosa la namna hiyo huonekana kiwandani, kwa kukata na kupiga eksirei betri nyingi, au huonekana baada ya bidhaa kufika kwa mamilioni ya watu.

Baada ya tukio

Hasara ya Samsung ilikadiriwa kuwa takriban dola bilioni 5. Kampuni ilianzisha utaratibu wa ukaguzi wa betri wenye hatua nane, zikiwemo eksirei na kuchaji na kutumia simu kwa muda mrefu kabla ya kuuzwa. Note 8, iliyotoka mwaka 2017, ilipewa betri ndogo zaidi ya mAh 3300.

Swali la simu zilizorudishwa lilileta mzozo wake. Shirika la Greenpeace liliandamana likidai zisitupwe, na Machi 2017 Samsung ilieleza kwamba baadhi zingerekebishwa, nyingine zingetolewa vipuri kama chipu na kamera, na zilizobaki zingeyeyushwa ili kupata metali. Tarehe 7 Julai 2017 simu 400,000 zilirudi sokoni Korea Kusini kwa jina la Galaxy Note Fan Edition, zikiwa na betri mpya ya mAh 3200 na bei ya won 699,600, pungufu kwa karibu asilimia 30 kuliko ile ya awali. Kioo, kalamu na kamera vilikuwa vilevile. Herufi FE zilionekana tena mwaka 2020 katika Galaxy S20 FE, safari hii zikiwa jina la simu ya bei nafuu ambayo haikuwa na historia ya kuungua.