Chama Kinapokimbiwa na Wanachama (Sehemu ya Pili)

Wiki jana tulieleza kwa nini wanachama hutoroka. Leo tuje kwenye dawa, na tuanze na chama kilichowahi kuinywa kwa kuchelewa: KANU.

Katika mchujo wa 1988, mpiga kura alipanga foleni hadharani nyuma ya mgombea wake au wakala wake. Aliyepata zaidi ya asilimia 70 alipita bila kura ya siri. Foleni ndefu zilitangazwa fupi mchana kweupe. Hasira ilipopanda, mwaka 1990 kamati ya Makamu wa Rais George Saitoti ilizunguka nchi kusikiliza maoni, na wananchi hawakumung'unya maneno. Desemba mwaka huo, wajumbe wa chama waliokutana Kasarani waliufuta mfumo huo wa foleni, yaani mlolongo.

Kanuni zilibadilika, lakini viongozi wa matawi wakabaki walewale. Kifungu cha 2A cha Katiba, kilichoruhusu chama kimoja tu, kilipoondolewa mwaka 1991, Mwai Kibaki alijiuzulu serikalini akaunda chama cha DP, na huku Embu na Meru wengi walimfuata. DP nayo ikaja kufunikwa na miungano: NARC mwaka 2002, kisha PNU mwaka 2007. Tumezoea kuhama, kama mnavyoona.

Ili kuona vyama vinakosa nini, mtazame mkulima wa chai wa huku Kanja. Ana namba yake. Anaona mizani kituoni, anapewa risiti ya kilo zake, na bonasi ikishuka anajua wa kumuuliza. Mwulize mtu huyohuyo jina la mwenyekiti wa chama chake katika wadi. Atacheka.

Sheria inadai chama kiwe na wanachama 1,000 katika kila kaunti, kwa zaidi ya nusu ya kaunti zetu, na hapo ndipo vishawishi vya kujaza majina ya watu bila idhini yao huanzia. Juni 2021 Wakenya wengi walijikuta wamesajiliwa katika vyama wasivyovijua. Chama kinachotaka kupona kifute majina hewa kwanza, hata daftari likibaki nusu. Kikipata fungu la Mfuko wa Vyama vya Kisiasa, sehemu ishuke hadi wadini na hesabu zibandikwe ukutani. Tena kiache kugawa tiketi za moja kwa moja hotelini Nairobi: hakuna kinachofukuza vijana upesi kuliko hizo.

Wiki ijayo tutazungumzia ada. Kabla ya hapo, msomaji, ingia eCitizen ukague uko chama gani. Ukikuta jina lako mahali usipojiandikisha, jiondoe.