Jiwe, Betri Kavu na Betri ya Mara Moja: Istilahi na Usalama wa Mtumiaji

Makala haya yanafafanua utendaji wa betri zisizochajiwa upya na kuonesha kuwa majina yake yanagusa usalama wa mtumiaji. Nchini Kenya, betri ya tochi huitwa pia jiwe. Kinyarwanda nacho huiita ibuye, kwa maana hiyohiyo. Jina hilo hudokeza kitu kisichobadilika, na istilahi betri kavu hudokeza kitu kisicho na majimaji. Muundo wa betri unakanusha yote mawili.

Betri ya kawaida ya zinki na kaboni ni kopo la zinki, ambalo ndilo upande hasi. Katikati husimama ufito wa kaboni uliozungukwa na dioksidi ya manganizi, yaani upande chanya. Baina yake mna uji mzito wenye chumvi. Tochi inapowashwa, zinki huachia elektroni zinazopitia kwenye balbu hadi upande chanya, huku zinki yenyewe ikiliwa kidogo kidogo. Betri moja hutoa takriban volti 1.5.

Zinki iliyoliwa ni kama kuni zilizokwisha kuwa majivu. Kuianika betri juani huipa nguvu ya muda mfupi tu, kwa kuwa joto huharakisha mmenyuko wa kemikali. Hatimaye kopo hutoboka, uji huvuja na kuharibu redio. Kuichaji kwaweza hata kuipasua.

Betri hizi hufaa vifaa vinavyotumia umeme kidogo kwa muda mrefu, kama vile saa za ukutani, rimoti na tochi za dharura. Zile za lithi zenye umbo la kifungo hutumika katika mizani na funguo za magari. Mtoto akimeza moja ikakwama kwenye umio, mkondo wake huzalisha alkali inayoweza kuunguza vibaya ndani ya saa 2. Apelekwe hospitali mara moja.

Neno betri pekee halibainishi ipi huchajiwa. Inapendekezwa kwamba mamlaka za viwango, zikishirikiana na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, zisanifishe jozi betri ya mara moja na betri ya kuchaji, na kuagiza ziandikwe kwenye vifungashio. Betri ya kutupa haifai, kwani jina hilo lingehalalisha utupaji ovyo. Jiwe libaki katika mazungumzo. Onyo la usalama lahitaji istilahi bayana.