Maza, Mungu na Divisheni Foo Yangu

Wiki hii tuwaache kidogo mabishoo na wapenzi wanaokimbiana, nataka niwasimulie habari za maza.

Nyumba yetu ya Mbagala kuta zake za ndani hazifiki juu kwenye bati, kwa hiyo siri haikai. Mama akikohoa chumbani kwake, sisi wa chumba cha pili tunasema pole. Akiomba usiku, tunasikia neno kwa neno. Maombi yake ya mtihani nimeyasikia miaka zaidi ya kumi mpaka ningeweza kuyaongoza mwenyewe: Bwana mkumbuke mtoto huyu, mfungue akili, mpe divisheni wani. Hiyo divisheni wani alikuwa anaitaja kwa sauti ya juu kidogo, kama mtu anayempa fundi vipimo asije akakosea.

Sasa juzi usiku nimesikia ombi lingine kabisa. Lakini ngoja nianze na braza, bila yeye hamtaelewa.

Braza alimaliza kidato cha nne mwaka 2012 kwenye shule ya kata, zile zilizoota kila mahali baada ya mpango wa MMES kuanza mwaka 2004. Majengo yalikuwepo, walimu ndio hawakuwepo. Hesabu alisoma bila mwalimu karibu miaka miwili, na maabara yao ilikuwa stoo ya mafagio. Matokeo yakatoka Februari 2013, na kama mnakumbuka, zaidi ya nusu ya watahiniwa nchi nzima walilamba ziro. Mtaani kwetu ulikuwa msiba usio na maiti. Braza naye akawa miongoni mwa marehemu.

Mama hakulia. Alifunga siku saba, jioni anakunywa chai ya rangi, basi. Dingi alishafariki nikiwa darasa la nne, na tangu hapo kwa Mama mtoto kufaulu haikuwa habari ya kazi tu. Ilikuwa ushahidi kwamba Mungu hajamwacha. Ndugu wa dingi walishasema mjane huyu hawezi kusomesha, na yeye alitaka Bwana amjibie mbele yao, kwa cheti.

Basi bwana, Waziri Mkuu wa wakati ule, Mizengo Pinda, akaunda tume. Mei 2013 serikali ikayafuta yale matokeo, yakapangwa upya kwa utaratibu wa mwaka wa nyuma. Wengi walibaki na ziro zao, ila braza alikutwa na divisheni foo. Mama alipiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza nani anaolewa.

“Mama, hii siyo maombi, ni serikali,” braza akamwambia.

“Na serikali nani ameiweka?” Mama akajibu.

Tulicheka sana siku ile. Baadaye ndiyo nikaja kuona kwamba pale pale ndipo mambo yalipoanza kuharibika. Maza alishapata uhakika kwamba matokeo hata yakishatoka yanaweza kubadilishwa kule juu, ni suala la kuomba kwa nguvu na kutoa vya kutosha.

Zamu yangu ikafika Novemba 2016. Ada ilikuwa imefutwa tangu Januari mwaka ule, Mama akaona hapo Mungu ameshaanza kazi. Usharikani kwetu, KKKT, tulisimamishwa mbele Jumapili moja, mchungaji akatuombea, tukarudi kukaa. Hiyo ni desturi na sina ubaya nayo, mtoto anatoka pale akijua kanisa zima linamjua. Lakini safari hii Mama aliona haitoshi. Shoga yake akampeleka kwa mtumishi mmoja mwenye maspika makubwa, jina naliweka kapuni. Kule kulikuwa na kalamu za upako. Ili uzipate unapanda mbegu, na mbegu, wasomaji wangu, ni hela.

Mama aliuza friji. Ile friji ndiyo iliyokuwa inagandisha barafu tulizokuwa tunauza kwa wanafunzi, na ndiyo iliyonisomesha hata nikafika kidato cha nne. Akarudi na kalamu tatu za wino wa bluu, hizi hizi unazozikuta dukani kwa Mangi.

Niliingia kwenye pepa nazo zote tatu. Matokeo yakatoka Januari 2017: divisheni foo. Fizikia F, kwa sababu mwalimu wa fizikia alihama tukiwa kidato cha pili na hakuja mwingine. Kalamu iliandika vizuri tu, mimi ndiye sikuwa na cha kuandika.

Mama alirudi kule kuuliza imekuwaje. Akaambiwa kalamu hazina kosa, ila nyumbani mwake kuna mtu anazuia baraka kwa mashaka yake. Alivyorudi aliniangalia, sitasahau. Wiki mbili alikuwa ananiwekea chakula bila kunisemesha. Kweli nilikuwa na mashaka, lakini yalikuwa mashaka ya fizikia.

Mimi sina ugomvi na maombi. Nina ugomvi na mtu anayechukua friji ya mjane halafu anamrudishia mwanawe kama mshitakiwa. Aliyevunja ule ukimya ni akina mama wa kwaya. Walikuja jioni moja na unga na dagaa, wakapika kwetu, wakaimba, wakampa Mama mtaji wa kuanza maandazi. Kule kwa maspika hakurudi tena, na tangu siku hiyo hatujawahi kulizungumza jambo lile.

Sasa ni zamu ya kitinda mimba wetu. Yeye ni kichwa, yuko kidato cha sita, anachukua fizikia, kemia na baiolojia, bweni, mtihani mwezi Mei. Pasaka alikuja nyumbani siku chache, amekonda shingo kama kuku wa kideri. Usiku anasoma kwa tochi ya simu, chakula anakigusa tu. Nikamwambia mdogo wangu, pumzika, utaugua.

Akafunga daftari, akaniuliza taratibu: “Kaka, mimi nikifeli Mama atauza nini? Friji si hakuna tena.”

Sikuwa na jibu. Nilikaa pale nachezea tochi. Kumbe nilisahau kwamba kuta zetu hazifiki juu, na kama sisi tunamsikia Mama, na Mama anatusikia sisi.

Asubuhi hakusema kitu. Alikuwa kwenye karai anageuza maandazi, mgongo ametupa sisi. Mdogo wangu akampa shikamoo, akaitikia, kisha bila kugeuka akasema, “Ukifaulu rudi nyumbani. Ukifeli rudi nyumbani. Umesikia?”

“Nimesikia Mama.”

“Haya, lete sahani.”

Usiku ule ndiyo nikasikia lile ombi. Alianza kama kawaida, akashukuru kwa siku, akawataja wagonjwa wa kwaya, akamtaja braza na bodaboda yake aepushwe na malori ya barabara ya Kilwa. Akanitaja mimi na haya magazeti yangu. Alipofika kwa mtoto wa mwisho akanyamaza kidogo, halafu akasema Bwana mpe huyu usingizi, na ale. Mimi kitandani nikawa nasubiri ile divisheni wani. Nikasubiri mpaka Amina. Hakuitaja.

Mdogo wangu alikuwa ameshalala, daftari kifuani.

Kesho yake, wakati tunamsindikiza stendi, jirani alikuja kukopa maandazi ya mia tano. Mama akatoa daftari lake la madeni, akachomoa kalamu ya bluu katikati ya Biblia, akaandika. Nikaikodolea macho. Ni moja ya zile tatu. Akaona ninavyoitazama.

“Nini? Wino bado upo,” akasema, akaichomeka kwenye kilemba chake tukaondoka.