Lithuania ilivyokaa miaka 19 bila mji wake mkuu

Lithuania, nchi ndogo kando ya Bahari ya Baltiki, ilijitangazia uhuru mjini Vilnius Februari 16, 1918. Oktoba 1920 wanajeshi wa Poland waliuteka mji huo. Serikali ikabaki Kaunas, ikiuita "mji mkuu wa muda". Mpaka na Poland ukafungwa hadi 1938: treni hazikuvuka, hata barua hazikupita moja kwa moja.

Machi 1939 Ujerumani ya Hitler iliipokonya Klaipėda, bandari yake kuu. Oktoba mwaka huohuo Moscow, iliyokwisha kuivamia Poland, iliirudishia Vilnius, kwa sharti moja: askari wa Kisovieti wapatao 20,000 wapige kambi nchini. Zawadi ghali kweli. Juni 1940 Wasovieti waliikalia nchi nzima.